Gercina Asiyejua Sura za Watu

Hakuna papangu, mtu wa kinyago cha kanivali, aliyewahi kula mezani kwa Gercina akatoka bila kutajwa jina. Hilo mji mzima wa Bezerros unalijua, na wale wasiopenda kushindwa huiruka nyumba yake Jumapili ya kanivali, wakaenda kujishibisha kwa majirani wenye macho mazito. Maana mchezo wenyewe ndio huo: unajifunika gubigubi, gauni la kuburuza, glavu, soksi, kinyago cha karatasi na gundi, unaingia nyumba ya watu bila kusema neno, unakula angu, ule ugali laini wa mahindi na mchuzi wa kuku, kisha unaondoka zako. Ukijulikana, unavua kinyago mbele za watu. Kwa Gercina ukishavua unaosha na vyombo.

Watu wamejaribu kila hila. Genivaldo mwuza nyama, mtu wa kitambi, mwaka mmoja alijifunga mito kifuani na mgongoni ili kitambi kipotee ndani ya unene mwingine, akachechemea kutoka kanisani mpaka mlangoni. Gercina alikuwa anakoroga sufuria na hakugeuka. Alimwambia tu avue mito ya mkewe kabla haijaingia mchuzi. Mwalimu wa hesabu alikuja amevaa viatu virefu vya dada yake, akajulikana kabla hajakaa. Inasemekana hata paroko alijaribu mara moja, na kwamba sufuria kubwa ya nyumba ile haijawahi kung'aa kama ilivyong'aa siku hiyo.

Sasa shika hili, na usishangae kuliko alivyoshangaa mwenyewe: Gercina hamjui mtu hata mmoja kwa sura. Macho yake hayana kasoro. Anaona pua, anaona mdomo, anaona nyusi, anaweza kukwambia kidevu chako kina chunusi na bado akasahau uso wote akigeuza shingo tu. Ukirudi baada ya muda mfupi umevaa kofia nyingine, wewe ni mgeni. Watu anawajua kwa mambo mengine: mwendo, mabega, jinsi mtu anavyovuta pumzi kabla ya kusema, harufu ya sabuni yake, mlio wa funguo zake. Amefanya hivyo tangu utotoni, akidhani binadamu wote hufanya hivyo. Alipomsikia mtu akisema amemjua fulani kwa sura, aliona ni maneno tu, kama mtu anaposema moyo umemruka.

Kwa kinyago basi hababaiki. Kinyago kinaficha kitu ambacho yeye hakitumii.

Kazini kwake hakuna aliyewahi kugundua. Gercina ni mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na watoto wanapopanga foleni na sahani zao, wote katika fulana za rangi moja, yeye huwajua kwa kuburuza miguu. Yule anayeruka tairi la kufikirika kila akipiga hatua haruhusiwi maziwa. Yule anayetembea kama anabeba maji kichwani hapendi boga. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo, ila mambo madogo yalikuwa yakichungulia. Tamthilia za televisheni aliziacha zamani, akilalamika kwamba waandishi wanaingiza watu wapya kila siku, kumbe mwigizaji alikuwa amefumua nywele tu. Na siku mumewe Valfrido aliponyoa masharubu akakaa kimya kibarazani, Gercina alimkaribisha kahawa kwa heshima zote na kumwuliza amekuja kumwona nani. Valfrido alicheka mpaka akakohoa, na kichekesho hicho amekisimulia harusini na matangani bila kujua amebeba nini mkononi.

Njiani Gercina husalimia kila mtu. Wa kwetu, wa mji jirani wa Caruaru, dereva wa lori aliyesimama kununua soda, wote wanapata tabasamu lilelile na kutikisiwa kichwa kulekule, maana hajui nani kati yao ni binamu. Watu wanasema hana makuu. Ni mtu mmoja tu hapa mjini aliyekuwa akisema kinyume chake, na mtu huyo ni Ednalva, mdogo wake wa tumbo moja.

Ednalva alikuwa hajazungumza na dada yake tangu siku walipomzika Wendel.

Wendel alikuwa mtoto wa pekee wa Ednalva, kijana mcheshi, mrefu, mwenye haraka ya kila kitu. Mama yake alimnunulia pikipiki. Gercina alipinga, tena hakupinga kwa adabu. Alisema mbele ya ndugu kwamba Ednalva anamnunulia mtoto jeneza la magurudumu. Waligombana, na kabla ugomvi haujapoa, lori lilimkuta Wendel kwenye barabara kuu ya Caruaru. Maneno kama yale yakishatimia hayana pa kurudishwa. Gercina hakuwa na nia ya kuyarudia wala kuyakumbusha. Alitoka Recife kwa basi, alikokwenda kumwuguza shangazi yao, na kutoka kwenye basi akaenda moja kwa moja makaburini, akiwa na neno moja tu la kumwambia mdogo wake.

Mtu wa kwanza aliyekutana naye langoni alikuwa mwanamke aliyeshikwa mikono na wanawake wawili. Gercina alimtikisia kichwa, akampisha, akaendelea. Mbele, karibu na jeneza, kulikuwa na mwanamke mwenye fundo la nywele kisogoni, bangili mkononi kama za mdogo wake, analia kwa sauti ya kupasua mbingu. Gercina akamwendea huyo, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia pole, akamwambia mengi sikioni, mpaka yule mwanamke alipojibu na sauti ikawa siyo. Alikuwa Marinês, wifi yake Ednalva. Yule aliyepitwa langoni ndiye aliyekuwa Ednalva mwenyewe.

Alipojitambua na kugeuka, Ednalva alikuwa amekwishaondolewa. Na Ednalva alikuwa ameona yote. Alimwona dada yake anamwangalia usoni, anamtikisia kichwa kama mpita njia, anampita, anaenda kumfariji mtu mwingine. Angefikiri nini? Alifikiri ambacho wewe na mimi tungefikiri. Aliona ndiyo hukumu ya ile pikipiki. Gercina alimtumia watu, akasema hakumwona vizuri, akasema jua lilikuwa kali. Ednalva aliwajibu wote jibu moja: alinipita kama mti.

Tangu hapo walikutana sokoni mara nyingi. Gercina alimjua kwa mbali kwa ule mwendo wake wa kudonoadonoa na zile bangili, akamwendea, na kila mara Ednalva aligeuza mgongo. Hilo nalo likawa ushahidi. Sokoni ananijua, alisema Ednalva, katikati ya vikapu vya nyanya na kelele za wauza mbuzi ananijua, ila siku ninamzika mwanangu hanijui.

Gercina mwenyewe hakujua kilichompitisha pale langoni. Hilo ndilo lililomtafuna. Alijihoji kitandani na jikoni, akajiuliza kama kweli kuna kipande cha moyo wake kilichotaka kumwadhibu mdogo wake bila yeye kukipa ruhusa. Mtu asipojielewa, maneno ya watu humkaa mwilini.

Mwaka jana ndipo alipofika Daktari Taciana. Ni msomi wa mambo ya ubongo, binti mchangamfu kutoka Recife, aliyekuwa akizunguka mashuleni na kompyuta yake kuwapima watu jinsi wanavyotambua nyuso. Gercina alimpelekea kahawa, akaona walimu wanavyobabaika mbele ya zile picha, akavua aproni. Nani Bezerros anajua watu kumshinda yeye? Walimu wakamwambia msomi ajiandae kuandika historia.

Picha zilikuwa za nyuso tupu, nywele zimekatwa, masikio hayapo, shingo haipo. Gercina alikisia ya kwanza, ya pili, akaanza kulaumu kompyuta. Alishindwa kumtambua mwalimu mkuu. Alishindwa kumtambua mtangazaji ambaye taifa zima humwona saa ya chakula. Mwishoni aliletewa uso wa mwanamke mmoja, akautazama kwa huruma, akasema mama huyu ana macho mazuri ila anahitaji kulala.

"Ni wewe, Dona Gercina," Taciana alimwambia. "Nilikupiga picha asubuhi."

Walimu walicheka, na Gercina akacheka kuwazidi, kisha akaacha ghafla akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika shule ile tangu ijengwe. "Kwani ninyi mnaona nini?"

Taciana alifunga kompyuta, akakaa naye jikoni, katikati ya magunia ya mahindi. Alimweleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayoshughulika na nyuso, na kwamba kwa watu wengine sehemu hiyo hufanya kazi kwa namna yake tangu kuzaliwa, nao ni wengi kuliko wataalamu walivyokuwa wakidhani. Upande wa pili wapo ambao hawasahau uso hata wakiuona mara moja dirishani mwa basi. Wapo watu wasioweza kuona picha yoyote akilini wakifumba macho, hata ya mama yao. Wapo ambao kila herufi kwao ina rangi. Wote wanapita mtaa mmoja, wananunua mkate duka moja, na kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake anaona anachokiona yeye. Mambo haya yamechelewa kujulikana, alisema, kwa sababu hakuna anayeuliza. Nani atamwuliza jirani yake kama anaona nyuso?

Gercina alisikiliza huku anachambua maharage. Halafu mkono ukasimama. Kwa mawazo alikuwa amefika langoni pa makaburi. Alimwona yule mwanamke aliyeshikiliwa na wenzake wawili, aliyekunywa vidonge vya kutuliza mpaka miguu inaburuzwa, aliyevuliwa bangili, nywele zimefumuka, hasemi. Hakubaki na chochote ambacho dada yake angeweza kumjulia. Gercina alilia palepale juu ya maharage, na ingawa kilio kilikuwa cha kweli, kilikuwa pia cha mtu aliyetua mzigo. Hakumwadhibu mdogo wake. Moyo wake ulikuwa safi. Sasa alikuwa na hakika, na Gercina akiwa na hakika, kaa kando.

Alimtangazia Valfrido kwamba mdogo wake atarudi mezani kwake kabla ya Jumatano ya Majivu.

Haikuwa rahisi hivyo. Taciana alimpigia Ednalva simu, akamweleza kwa upole jambo zima. Ednalva alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema siku hizi madaktari wana jina zuri kwa kila ubaya. Mjini nako habari ilipokelewa kwa kicheko. Gercina hajui sura? Gercina huyuhuyu aliyemvua paroko kinyago? Genivaldo alisema basi yeye hajui nyama. Sifa zile zilizomjengea jina miaka yote ndizo zilizosimama mlangoni kumzuia. Kwetu papangu ni papangu, na anayemjua mtu ndani ya gunia anamjua akiwa nje ya gunia. Hiyo ni akili ya kila mtu hapa, na ni makosa, lakini jaribu kuwaambia.

Wiki ya kanivali Dona Hozana, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa kupeleka na kuleta, alikuja mbio na habari. Ednalva angekuja. Jumapili angeingia na wenzake wa mtaani kwao, watano, wote vazi moja, na alikuwa na wiki nzima anajifunza kutembea upya. Alikuwa amewaambia wenzake waziwazi: Gercina akinitaja ndani ya kinyago, basi nimejua aliniona siku ile, na sitakanyaga tena kwake. Akishindwa, nitaamini kwamba ana huo ugonjwa wake.

"Kwa hiyo unajua la kufanya, shoga," Hozana alisema. "Unafunga mdomo. Unapakua angu, unatabasamu, unasema mwaka huu mmenishinda. Anavua mwenyewe, mnalia, yameisha."

"Yaani nimdanganye ili aamini kwamba sisemi uongo."

"Watu wamepatana kwa uongo mkubwa kuliko huo. Mimi na marehemu mume wangu, kwa mfano."

Valfrido naye alimuunga mkono Hozana. Alimwambia mkewe kwamba ukweli ameushika mwenyewe tayari, sasa amwache Ednalva apate njia ya kurudi bila kuona haya. Gercina alizunguka jikoni akipiga vifuniko vya sufuria bila sababu. Mwishoni alikubali. Alimtaka mdogo wake kuliko alivyotaka kuwa sahihi, na kwa mwanamke yule hilo si jambo dogo.

Jumapili waliingia baada ya misa. Watano, magauni ya manjano mpaka chini, vinyago vya paka, glavu nyeupe, vitambaa vyeusi vimefungwa kichwani na shingoni pasionekane hata unywele. Mmoja alichechemea, mmoja alijikunja kibiongo, wa tatu alitembea kwa hatua ndefu za mwanajeshi. Gercina alikuwa amejiapia kutazama sufuria tu. Lakini huyo mwanajeshi alipofika kizingitini alisimama kidogo, akainua mguu mmoja, akajifuta unyayo kwenye kifundo cha mguu wa pili, kisha ndipo akavuka. Mama yao alikuwa mkali kwa vumbi la miguu. Watoto wote wa nyumba ile walifundishwa kujifuta kwa kitambaa cha mlangoni, na mmoja tu, mvivu wa kuinama, alijifutia mguu wake mwenyewe.

Gercina alipakua. Aliweka sahani mbele ya kila mmoja, nao wakala kwa kuinua vinyago kidogo kidevuni, kimya, huku Valfrido akipiga stori za mvua asizozisikiliza mwenyewe. Yule mwanajeshi alikula polepole. Alipomaliza aligeuza kinyago kumwelekea Gercina na kukaa hivyo. Wote walikuwa wanangoja. Gercina akafuta mikono kwenye aproni, akasema kile alichofundishwa, kwamba uzee umeingia na mwaka huu wamemshinda.

Hozana alimbana kiwiko kwa furaha.

Wale wanawake wakainuka. Hakuna aliyevua. Walitoka mmoja mmoja na mwanajeshi akawa wa mwisho, na alipofika mlangoni alisimama akiwa amewapa mgongo. Hapo Gercina akaona mabega yake. Yalishuka. Gercina anajua mabega ya watu kama wengine wanavyojua nyuso, na yale hayakuwa mabega ya mtu aliyepata alichokuja kutafuta. Mdogo wake, pamoja na maneno yote aliyotamba nayo mtaani, alikuwa amekuja kutajwa jina. Na dada yake alikuwa amemwangalia na kumpita tena.

"Ednalva," Gercina alisema. "Rudi ukae."

Hozana alishika kichwa. Wale wanne wakarudi kuchungulia mlangoni. Sauti iliyotoka ndani ya kinyago ilikuwa ndogo na kali.

"Kumbe unaniona."

"Nakuona. Nimekuona tangu unavuka kizingiti."

"Na siku ile?"

"Siku ile ulikuwa na uso tu, mdogo wangu. Mwendo wako ulikuwa umechukuliwa, sauti imechukuliwa, bangili zimechukuliwa. Umebaki na uso peke yake, na mimi uso hauniambii kitu."

Ednalva alijibu kwamba maneno mazuri hayajawahi kumpungukia dada yake. Akashika mlango. Mtu mwingine angemwacha aende, angelia baadaye. Gercina alimwambia asubiri, akawaamuru wote watano kama anavyoamuru foleni ya watoto: warudi ndani, wavue vinyago, vitambaa vya kichwani wasiguse, wasimame ukutani kwa mpangilio wanaoutaka wao, wasiseme, wasicheke, wasiinue hata kidole. Yeye angetoka uani mpaka aitwe. Hozana asimamie, kwa kuwa Hozana hajawahi kumpendelea mtu bure.

"Nimekuona ukiwa umefunikwa," alimwambia Ednalva. "Sasa nitazame nikikutafuta ukiwa wazi."

Akatoka, akafunga mlango. Uani alisimama karibu na kamba ya nguo, mikono imekunjwa kifuani, na alijiambia kwamba atamjua. Huo ndio ukweli, tusimfiche. Baada ya yote aliyoelezwa na Taciana, bado aliamini kwamba tumbo moja ni tumbo moja na damu itasema.

Alipoitwa aliingia akiwa ameinua kichwa. Nyuso tano zilikuwa zimepangwa ukutani, zimezungushiwa weusi, chini yake manjano tupu. Alianza kushoto. Alimtazama wa kwanza, akamtikisia kichwa na kumpa lile tabasamu la njiani. Akahamia kwa wa pili. Wa tatu alikuwa Ednalva. Gercina alisimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi, ila Ednalva alikuwa ameibana pumzi. Akamtazama macho, pua, mdomo. Akamtikisia kichwa kwa adabu. Akampita.

Sasa Ednalva ni mtu wa nyuso. Anaweza kumtazama mtoto wa jirani akajua kwamba alilia jana. Na uso wa dada yake anaujua kuliko uso wowote duniani. Tangu utotoni Gercina akidanganya nyusi moja hupanda, ndiyo sababu alikuwa akichapwa yeye kwa makosa ya wote wawili. Kule mezani, aliposema wamemshinda, ile nyusi ilipanda, na Ednalva aliiona kupitia matundu ya kinyago. Sasa aliitafuta. Aliitafuta kwa chuki na kwa hamu. Nyusi zilikuwa zimetulia. Lile lilikuwa tabasamu la mtu anayempisha mgeni langoni.

Gercina alifika kwa wa mwisho. Huyo alikuwa Jucileide, mwoka mikate, mwanamke mwenye machozi ya karibu, ambaye kwa wakati huo yalikuwa yakimchuruzika mashavuni. Gercina akayaona. Mwenye kulia ndiye mwenye uchungu. Akafungua mikono yake mikubwa bila wasiwasi wowote.

"Wewe hapa," alisema, akamkumbatia.

Hakuna aliyecheka. Valfrido alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mtu aliyesimulia masharubu yake kwa miaka mingi hakuwa na hamu ya kuyasimulia tena. Hozana, nasema Hozana, alinyamaza. Jucileide hakujua kama amruhusu Gercina aendelee au amsukume, akabaki amesimama ndani ya kumbatio lisilo lake huku analia zaidi.

"Dada," Ednalva alisema. "Niko huku."

Gercina aligeukia ile sauti. Ilibidi apitie tena nyuso mbili kabla ya kujua inatoka mdomo upi. Alipofika mbele ya Ednalva hakumgusa. Rangi ilikuwa imemtoka, maana hata yeye alikuwa na tumaini lake na alikuwa amelipoteza sasa hivi mbele za watu.

"Nilidhani nitakujua," alisema.

"Haikuwa pikipiki?"

"Pikipiki ipi? Niliposhuka kwenye basi nilikuwa sikumbuki hata jina langu. Ningekukuta siku ile ningekubeba mgongoni."

Ednalva alianza kuvua glavu. Kidole kimoja kilikataa, na Gercina akamsaidia kuivuta. Ndipo alipoushika ule mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, mkono wenye kovu la kisu cha muhogo ambao angeujua hata gizani.

"Pole, Ednalva," alimwambia. "Pole ya Wendel. Siku ile nilimpa mtu mwingine. Hii ni yako."